Kombaini inasomwa kwa nyuma: namna ya kuzipata na kuzitazama zikivuna mpunga Igunga na Nzega

Msimu wa mpunga ukifika huku kwetu Tabora wengine wanawaza bei ya gunia, mi nawaza kombaini, zile mashine za kuvunia. Nazifuata kwa pikipiki misimu kadhaa sasa, Igunga, Nzega, mpaka kule Bukene, na kila mwaka lazima mtu aniuliza we unazionea wapi, mbona mimi nimepita njia hiyo hiyo asubuhi sijaona kitu. Ndo maana nimeamua kuandika haya yote kwa pamoja, maana ni kitu kizuri sana kukitazama na wengi wanakikosa kwa sababu ndogo ndogo tu.

Sababu ya kwanza ni saa. Watu wanadhani kazi ya shamba ni alfajiri, kwa jembe sawa, kwa kombaini hapana. Mpunga ukiwa na umande majani yanakuwa mazito na yanateleza, yanajizungusha kwenye ngoma ya kupuria, punje hazitoki vizuri kwenye suke na zile zinazotoka zinagandana na pumba kwenye chekecho hazipiti. Kwa hiyo opareta anasubiri jua likaushe, saa nne au saa tano ndo unasikia injini inapanda, na ikishaanza haisimami hovyo mpaka jua linazama, wengine wanawasha taa wanaendelea mpaka umande unaporudi. Ukitaka kuona mashine ikiwa kwenye moto wake kabisa nenda kati ya saa sita na saa kumi na moja, jua kali, vumbi, kila kitu kikavu kinalia.

Ila usidharau asubuhi. Mara ya kwanza nilifika Mwanzugi pale Igunga saa moja na nusu, nikakuta mashine imelala pembeni ya mfereji na opareta anakunywa chai, nikakaa masaa matatu. Kumbe yale masaa matatu ndo yalinifundisha kuliko jioni yote, maana asubuhi injini imezimwa, mifuniko ya ubavuni iko wazi, vijana wanapaka grisi, wanasafisha chekecho, wanakagua mikanda na visu, na ukiomba kwa heshima wanakuonyesha kila kitu kilipo. Jioni ukiiona inakata unajua ndani kunatokea nini. Kwa hiyo mimi siku hizi nikipata nafasi naenda asubuhi kwa ajili ya kuuliza na mchana kwa ajili ya kuangalia.

Sasa msimu wenyewe. Mvua zetu ni za mkupuo mmoja, zinaanza kama Novemba zinaisha Aprili, mpunga unavunwa zaidi kuanzia Mei mpaka Julai, inategemea nani alipanda lini na maji aliyapata lini. Usiende kwa kalenda peke yake, angalia jaruba. Mkulima anayejua anatoa maji siku 7 mpaka 10 hivi kabla ya kuvuna ili ardhi ikaze, ukipita ukaona maji yametolewa na masuke yameinama na punje nyingi, tuseme nane katika kumi, zimegeuka dhahabu, basi weka alama hapo. Mpunga wa kombaini unavunwa ukiwa bado na unyevu wa asilimia 20 mpaka 25 hivi, halafu ndo unaanikwa ushuke mpaka 14 wa kuhifadhi, kwa hiyo ukisubiri uone shamba limekauka kabisa kama karatasi utakuwa umechelewa, ama mashine imeshapita ama punje zimeanza kudondoka zenyewe.

Na mbegu nayo inakuambia kitu. Shamba la SARO 5 ni fupi, linasimama wima, mashine inapita inaimba. Shamba la Supa ni refu, upepo ukipiga linalala, na mpunga uliolala ni kazi nyingine kabisa, mashine inakwenda polepole na mara nyingi inakata ikitokea upande mmoja tu, ikikabili ule mlalo, halafu inarudi tupu bila kukata inaanza tena. Ukiona kombaini inakata kwenda tu na kurudi inatembea bure usidhani opareta hajui kazi, huyo anajua sana, angalia mpunga umelalia wapi utaelewa.

Kuzipata zilipo, hapa ndo wengi wanapotea. Kombaini nyingi hazikai kijijini mwaka mzima, zinaletwa juu ya lori, zinafanya kazi kwa ekari, zinahama. Kwa hiyo usiulize "kombaini iko wapi", uliza dizeli inakwenda wapi. Mashine ikifika kijiji fulani madumu ya dizeli yanaanza kusafiri kwa bodaboda kutoka sheli ya barabarani, na bodaboda anayebeba madumu anajua jaruba lenyewe. Mama ntilie naye anajua, maana opareta na vijana wake lazima wale. Mi nikifika Igunga mjini, au Choma, au Nzega pale njia panda, naagiza wali nakaa karibu na wanaobeba mizigo, dakika ishirini nimeshajua nani anavuna wapi. Na ukiwa unatokea Singida, pale mlima Sekenke magari yanashuka taratibu sana, msimu ukikaribia kodolea macho malori, ukiona kitu kimefunikwa turubai kina umbo la nyumba ndogo na mbele kuna kama reki kubwa imefungwa kamba, hiyo ndo yenyewe inashuka kuja mbugani.

Ukishakuwa uwandani, ile mbuga ya Wembere ni tambarare macho yanafika mbali, unatafuta vitu viwili, vumbi na ndege. Kombaini inatoa vumbi la pumba, rangi yake ni ya njano iliyofifia, linainuka sehemu moja na linasogea polepole kwenye mstari, halafu linakata kona linarudi. Ng'ombe wakitembea vumbi lao ni la udongo, jeusijeusi au kijivu, na halirudi. Ila kuna kitu kitakudanganya, kwelea kwelea. Kundi la kwelea kwelea likiinuka kutoka shambani kwa mbali ni kama moshi kabisa, nimeshawahi kukata kilomita nzima juu ya matuta nikifuata moshi ambao ulikuwa ndege. Tofauti yake ni kwamba kwelea wanajikunja wanageuka ghafla, mawingu yao yanakuwa meusi halafu mepesi, vumbi la mashine halifanyi hivyo. Lakini yangeyange ni marafiki. Wale weupe wanaofuata ng'ombe, wanafuata na kombaini pia, kwa sababu mashine inawafukuza panzi na vyura kutoka kwenye mpunga, ukiona mstari wa yangeyange wanashuka na kuruka mbele kidogo, wanashuka wanaruka, chini yao kuna mashine hata kama huisikii.

Na sikio. Trekta inalima sauti yake inabaki palepale kwa muda mrefu. Kombaini ina sauti mbili, injini ya dizeli chini na juu yake mvumo wa ngoma na feni, na ikiingia kwenye mpunga mzito injini inazama kidogo, inapumua, inapanda tena kwenye kona. Baada ya siku mbili tatu utaitambua hata ukiwa umelala kwenye benchi la duka.

Utakazoziona huku nyingi ni ndogo, zinatembea kwa mikanda mipana ya mpira kama katapila badala ya magurudumu. Sababu ni udongo wenyewe, udongo wa mbuga ukiwa na unyevu unashika kama gundi, mashine nzito ya magurudumu inazama mpaka ekseli, katapila inatandaza uzito. Na majaruba yetu ni madogo yana kingo, mashine kubwa ikigeuza imeshamaliza shamba la watu. Ile ya Kubota DC-70 utaijua kwa rangi ya chungwa, ina nguvu za farasi kama 70 na inakata upana wa mita mbili hivi. Yanmar ni nyekundu. Crop Tiger ya CLAAS, iliyotengenezwa India, ni kijani cha kung'aa, nayo ina za matairi na za katapila. Usishike rangi peke yake maana jua letu linakula rangi na watu wanapaka upya, soma herufi ubavuni.

Zote hizo ndani yake zinafanya mambo matatu ambayo bibi zetu walifanya kwa siku tatu: kukata, kupura, kupepeta. Jina kombaini limetoka hapo hapo, kuunganisha. Mbele kuna rili, lile pipa la vyuma lenye vidole linalozunguka, linauinamisha mpunga kwenye kisu. Kisu kinakwenda kushoto kulia kama mashine ya kunyolea. Kisha kuna parafujo kubwa inayozunguka inakusanya yote sehemu moja, mnyororo unapandisha ndani, ngoma inapura, na kwenye mpunga ngoma huwa na meno ya kusimama siyo mabapa kama ya ngano, halafu feni inapuliza pumba, chekecho inachuja, punje zinapanda kwenye tenki au zinashuka kwenye jukwaa ambapo kijana anafunga viroba. Mmarekani Hiram Moore wa Michigan alipata hataza ya mashine ya namna hii mwaka 1836 na ilikuwa inavutwa na farasi, kwa hiyo wazo lenyewe ni la zamani sana, kilichobadilika ni nguvu na wepesi.

Spidi yake piga hesabu mwenyewe pale pale inapendeza. Tembea sambamba nayo kwa mbali uhesabu hatua. Ikienda kilomita tatu na nusu kwa saa na upana ni mita mbili, saa moja ni mita za mraba 7,000, na ekari ni kama 4,050, kwa hiyo kwa karatasi ni ekari moja na robo tatu hivi. Lakini toa kona, toa kumwaga nafaka, toa kuvuka kingo, ukiona imefanya ekari moja kwa saa kwenye majaruba madogo hiyo ni kazi safi.

Kabla hujasogea popote, salamu. Hili nalisema kwa uzito. Shamba ni la mtu na ule ni mwaka wake mzima umesimama pale, huwezi kuja na simu unapiga picha mpunga wa watu kama uko stendi. Mtafute mwenye shamba kwanza, mara nyingi ni mzee amesimama kwenye kingo ameshika fimbo anahesabu viroba, msalimie "wangaluka baba" hata kama Kinyamwezi chako kimeishia hapo, jieleze kwamba unapenda mashine, siyo mnunuzi wala siyo dalali. Ukieleweka utaitiwa mpaka maji ya kunywa. Baada ya mzee ndo opareta, na opareta unaongea naye mashine ikiwa imesimama, usimpungie mkono akiwa kazini akadhani kuna hatari.

Halafu kaa mbali. Usiingie kabisa kwenye mpunga uliosimama upande ambao mashine inakuja, opareta pale juu anaona masuke tu, wewe ukichuchumaa kupiga picha hakuoni. Usikae nyuma yake karibu, inarudi nyuma bila taarifa na inarusha majani na vijiwe. Bomba la kumwagia likifunguka usipite chini yake, na ukiona kuna nyaya za umeme juu mwambie opareta kama hajaziona. Majani yakinasa mbele vijana wengine wanataka kuyachomoa kwa mkono injini ikiwa inaunguruma, usishiriki hilo hata ukiombwa, mwambie azime. Na mashine ikizama kwenye tope wakaanza kuivuta kwa waya na trekta, simama mbali kuzidi urefu wa ule waya, maana ukikatika unarudi kama mjeledi na hauchagui. Watoto wanakuja wengi sana kushangaa, wewe mkubwa ukiwa pale wakusanye kwako kwenye kingo, waelezee, watakaa.

Sasa nije kwenye kile ninachokipenda zaidi. Kila mtu anatazama mbele, rili inazunguka inavutia kweli. Lakini mashine inasomwa nyuma. Ikishapita ikaenda mbali, shuka kwenye kingo uangalie ilichoacha.

Kwanza mashina. Yamekatwa sawasawa kimo kimoja? Opareta ana mkono. Yanapanda yanashuka kama mawimbi? Ama ardhi haiko sawa ama anakimbia. Pili majani yaliyotoka nyuma, chukua konzi, angalia masuke yake. Yakiwa bado na punje zimeng'ang'ania, ngoma inazunguka taratibu au mpunga una maji mengi. Kwenye tenki au kiroba nako chungulia, ukikuta punje nyingi zimepasuka au zimeshakobolewa nusu, ngoma inakimbia mno. Tatu, punje za chini, na hapa ndo chukua muda.

Tengeneza fremu ya vijiti mita moja kwa mita moja, weka chini mashine ilipopita, sogeza majani, hesabu punje moja moja. Punje 1,000 za mpunga zina uzito wa gramu 25 hivi, kwa hiyo punje 40 ni gramu moja, na gramu moja kwa mita ya mraba ni kilo 10 kwa hekta, yaani kilo nne kwa ekari. Ukihesabu 300 basi ekari moja imeacha kilo 30 chini. Lakini usimlaumu opareta bado, nenda na fremu yako upande ambao haujavunwa, hesabu na pale, maana ndege na upepo walishadondosha zao kabla, toa hizo kwanza. Halafu angalia zimelala vipi. Zikiwa zimetawanyika upana wote wa njia ya mashine, zimedondokea mbele, rili inapiga masuke kwa nguvu, inatakiwa izunguke haraka kidogo tu kuliko mwendo wa mashine. Zikiwa zimejaa kwenye ule ukanda wa majani ya nyuma tu, zimetoka na pumba, feni ni kali au chekecho imeziba au anakwenda kasi kuliko tumbo la mashine. Niliwahi kuhesabu pamoja na mzee mmoja kule upande wa Nzega, akamwita opareta, opareta akashuka akaangalia, hakubisha, akapunguza mwendo akarekebisha feni, tukahesabu tena jaruba lililofuata zikawa chini ya nusu. Ile furaha ya mzee sijaisahau, na ni vijiti vinne tu vya mtama.

Ukipata safari ya kwenda kwenye ngano, kwa mfano Basotu kule Hanang ambako NAFCO, lile shirika la serikali la kilimo, walikuwa na mashamba makubwa, au West Kilimanjaro, kule ndo kuna mashine kubwa za magurudumu, na nyuma nako kunakuambia aina ya tumbo. Majani yakitoka marefu mazima yanarushwarushwa, ndani kuna ngazi za kutikisa, mfumo wa zamani. Yakitoka yamevunjikavunjika mafupi, ndani kuna rota, yaani ngoma ndefu ya kupuria, ile ambayo New Holland waliingiza sokoni 1975 na International Harvester 1977 kwa jina la Axial-Flow, ambayo sasa ni Case IH nyekundu. John Deere kijani na njano, New Holland njano, hizo zinajulikana.

Ila Tabora nayo si mgeni wa mashine, wadogo zangu wengi hawajui kwamba Urambo ilikuwa moja ya sehemu tatu za ule mradi mkubwa wa karanga wa Waingereza, pamoja na Kongwa na Nachingwea. Ulianza 1947, wakaleta mpaka matrekta ya Shervick yaliyotengenezwa kutokana na vifaru vya vita vya Sherman, na 1951 ukafutwa kwa sababu ardhi, mvua na mashine havikukubaliana. Nikiona katapila ndogo ya mita mbili inapita kwenye jaruba bila kuzama huwa nafikiria hilo, kwamba hii imekuja na kipimo cha udongo wetu.

Picha kwa ufupi. Jua liwe nyuma yako au ubavuni, saa kumi kuendelea vumbi linageuka dhahabu, piga ukiwa umesimama kwenye kingo ili upate kimo, na subiri kona maana hapo inaonekana mbele na ubavu kwa pamoja. Video piga ndefu ya kona nzima bila kukata. Simu iweke kwenye mfuko wa nailoni ukiwa hupigi, pumba za mpunga zinaingia kwenye tundu la chaji na zina ncha. Jifunike shingo na mikono, zinawasha mpaka usiku. Viatu vya kufunika, nyoka wanakimbilia kipande cha mwisho kisichokatwa pamoja na panya. Na uwe na kidaftari: tarehe, kijiji, aina ya mashine, mbegu, saa iliyoanza, hesabu ya punje. Usiandike jina la mwenye shamba wala mavuno yake, hayo ni yake.

Na kama unataka kusoma nyuma ya mashine siku ya pili, nenda asubuhi na mapema. Kinamama wanaookoteza masalia wanaingia kwa ruhusa ya mwenye shamba, waulize wamepata kiasi gani kwenye jaruba lipi, wao wanajua mashine ipi inamwaga kuliko fremu yako. Baada yao wanaingia ng'ombe, na ng'ombe wakishaingia, mashina, majani na punje vyote vimeondoka kabla ya saa sita.